UZI: Vifaa vya lazima jikoni kwa anayeoka kwa unga anaousaga mwenyewe

Kokwa (mtoa mada)

Wakuu, habari zenu.

Kila mtu akiuliza humu "nataka kuanza kusaga ngano nyumbani, ninunue nini?", majibu yote yanakimbilia kwenye kinu. Cha mawe au cha chuma, cha umeme au cha mkono. Mwisho wa siku mhusika ananunua, anasaga, anaoka kwa vipimo vilevile alivyozoea na unga mweupe, mkate unatoka mzito na mkavu, na kinu kinapandishwa juu ya kabati. Inaniuma nikiona hivyo, maana tatizo halikuwa kinu. Hakuwa na vya kupimia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga apinge: mizani kwanza, kipimajoto cha pili, chekeche cha tatu. Kinu kinafuata baada ya hapo, na mashine ya kukandia nyuma yake kabisa.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Wanga wa katikati ni kama 83% ya uzito wake, pumba 14%, na kiini ambacho ndicho mche wenyewe ni karibu 3%. Unga mweupe ni ile sehemu ya kwanza peke yake. Vinu vya roli vya chuma vilipoenea kuanzia miaka ya 1870 ndipo ikawa rahisi kuzitenganisha kwa wingi, na unga ukaanza kukaa miezi bila kuharibika. Ukisaga mwenyewe, zote tatu zinaingia bakulini. Pumba inakunywa maji mengi lakini taratibu. Kiini kina mafuta ambayo yanaanza kuharibika punje ikishapasuliwa. Halafu unga wenyewe unatoka kinuni ukiwa na joto. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua unahitaji kifaa gani.

MIZANI. Ya kielektroniki, inayosoma gramu moja na kubeba kilo 5 ili ibebe na bakuli zito. Unga uliosagwa sasa hivi umejaa hewa. Kikombe chake kina uzito tofauti na kikombe cha unga uliokaa wiki nzima ukashindiliwa, na hata vikombe viwili vya unga uleule vinatofautiana kutegemea umeuchota vipi. Hapo resipi ya vikombe haikusaidii. Ukiwa na mizani unapima PUNJE, si unga: weka gramu 500 za punje, utapata gramu 500 za unga kasoro vumbi kidogo lililobaki kinuni. Hakuna unga wa ziada wa kutafutia pa kuuweka. Kwa chumvi na hamira, tafuta ile mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, maana gramu 2 za hamira kwenye mizani kubwa ni kubahatisha.

KIPIMAJOTO. Kile chenye sindano, kinachosoma ndani ya sekunde chache. Unga wa kinu cha umeme cha nyumbani mara nyingi unatoka ukiwa nyuzi 40 au zaidi. Ukiuchanganya na maji ya uvuguvugu kama resipi inavyosema, donge linaanza likiwa na joto kupita kiasi, na unga wenye pumba na kiini tayari unachacha haraka kuliko mweupe. Geuza kisogo kidogo tu, limeshapitiliza.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua joto unalotaka donge liwe nalo, zidisha kwa 3, toa joto la unga, toa joto la chumba. Kinachobaki ndicho joto la maji. Mfano nataka donge la nyuzi 25: 25 mara 3 ni 75. Unga uko nyuzi 38, chumba 27. Maji yangu yawe nyuzi 10, yaani ya friji kabisa. Hii ni kwa anayekanda kwa mkono. Mashine inaongeza joto lake kwa msuguano, kwa hiyo shusha maji nyuzi chache zaidi.

Sindano hiyohiyo inakwambia mkate umeiva. Mkate wa ngano nzima nautoa katikati yake ikifika nyuzi 95 hadi 98. Rangi ya ganda isikudanganye, unga huu ni wa kahawia tangu mwanzo.

CHEKECHE. Hapa watu wanauliza, kwa nini nisage ngano nzima halafu nichekeche? Huchekechi kila siku. Unachekecha ukitaka mkate mwepesi au keki, na mara nyingine ili tu ujue kinu chako kinasaga vipi. Chekeche hupewa namba kwa idadi ya matundu kwenye inchi moja: namba 40 ina tundu la karibu milimita 0.42, namba 60 ni milimita 0.25. Ukiwa na moja tu, chukua 40. Itakutolea pumba kubwa na kukuachia kiini kingi na pumba laini.

Hiyo pumba iliyobaki juu usiimwage. Imwagie maji ya moto, iache ilainike mpaka ipoe, kisha irudishe kwenye donge mwishoni mwa kukanda. Mkate unabaki wa nafaka nzima, ila pumba haipo njiani wakati gluteni, ule utando wa protini unaoshika hewa ndani ya donge, inajijenga.

Nikirudi nitaongelea vinu. Karibuni.

---

Mkandaji

Mkuu uzi mzuri, ila kwenye mpangilio nakupinga. Bila kinu hakuna unga, na bila unga hiyo mizani inapima nini? Kinu ndicho moyo wa kazi nzima. Ukinunua kibovu, hata uwe na vipimajoto kumi utaoka mkate wa chengachenga.

---

Kokwa

Mkandaji, hoja yako ina nguvu na sitaki kuipuuza. Ninachosema ni kwamba mwenye mizani, kipimajoto na chekeche anaweza kuanza leo kwa bleda aliyonayo na akaoka mkate mzuri. Mwenye kinu cha kifahari bila hivyo vitatu atahangaika. Ndiyo maana nikavitanguliza.

Sasa vinu, kama nilivyoahidi.

Kinu cha mawe cha umeme. Mawe mawili ya duara, moja limetulia, jingine linazunguka. Vya nyumbani vya siku hizi mawe yake ni ya kutengenezwa, magumu sana. Faida yake kubwa ni kwamba unarekebisha: kaza upate unga laini, legeza upate chenga za uji. Namna ya kukiweka sawa: kiwashe kikiwa kitupu, kaza polepole huku unasikiliza. Utasikia mawe yanaanza kugusana, mlio mkali wa kukwaruza. Hapohapo rudisha nyuma kidogo. Sasa mimina punje, mlio wa mawe ukiwa umepotea kabisa. Kisha chukua unga kidogo katikati ya dole gumba na shahada, usugue. Pumba utaisikia, hiyo haikwepeki, lakini kati ya vipande vya pumba unga uwe laini. Ukisikia chembe ngumu zenye kona kama mchanga, hizo ni vipande vya wanga ambavyo havikusagika, kaza tena. Usikaze wala kubadilisha kuelekea laini kinu kikiwa kimezimwa na punje ziko ndani.

Kinu cha meno ya chuma. Hakina mawe. Kina meno yanayozunguka kwa kasi kubwa mno na punje inapasuliwa kwa kugongwa. Ni cha haraka, unga wake laini sana, na mara nyingi ni kidogo na chepesi. Upungufu wake ni kelele, na hakitoi chenga kubwa. Sheria yake moja isivunjwe: kiwashe KWANZA, ndipo umimine punje, na usikizime mpaka punje ziishe. Kikisimama na punje ndani kinaziba, na kukifungua ni shughuli.

Kinu cha mkono. Unga wake haupati joto, na hakitegemei umeme. Lakini kusaga ngano mpaka iwe laini kwa mkono ni kazi ya misuli kwelikweli, na meza lazima iwe nzito maana kinu kinaivuta. Kwa mtu mmoja anayeoka mkate mmoja kwa wiki kinatosha. Kwa familia kubwa sikishauri.

Bleda yenye nguvu. Inafaa kuanzia. Maelezo nitayatoa mtu akihitaji.

---

MamaChachu

Asante Kokwa, wengi tulikuwa tunauhitaji uzi huu. Naomba nichangie upande wa kukandia, maana naona umeuweka mwisho na nakuunga mkono kabisa.

Wanangu, msikimbilie mashine. Donge la ngano nzima ni zito, na mashine nyingi za nyumbani zina kikomo chao cha unga wa aina hii ambacho ni kidogo kuliko cha unga mweupe. Kipo kwenye kijitabu kinachokuja nayo, someni. Ukijaza bakuli na kupandisha mwendo, mota inapata moto na gia zinakwisha. Mwendo wa kwanza na wa pili tu.

Kinachokanda kweli hapa ni muda. Changanya unga na maji pekee, funika, acha dakika 30 hadi 60. Pumba inakunywa maji yake, na gluteni inaanza kujiunga bila wewe kutoa jasho. Baada ya hapo weka chumvi na chachu, kisha kila nusu saa lowesha mkono, shika upande mmoja wa donge, vuta juu, kunja juu ya upande wa pili. Pande nne, umemaliza, funika. Mara tatu au nne zinatosha. Kwa njia hiyo kifaa cha lazima ni bakuli pana na kikwangulio cha plastiki, kile kilichopinda upande mmoja kufuata bakuli. Na kingine cha chuma chenye makali ya mnyooko cha kukatia donge na kusafishia meza. Ni vitu viwili vidogo vya bei chee, lakini hakuna siku naoka bila kuvishika.

Maji nayo: ngano nzima mpya naianzia gramu 75 za maji kwa kila gramu 100 za unga, na nyingine inataka 85. Nashikilia kiasi kidogo pembeni na kukiongeza baada ya mapumziko yale ya kwanza. Donge linaloonekana limelowa mno mwanzoni, baada ya saa moja ni jingine kabisa.

---

Pepeta

Naomba msaada wakuu. Kinu changu cha mawe kilikuwa kinasaga vizuri, sasa unga unatoka kidogokidogo, una joto sana na unanuka kama kitu kilichoungua. Nimekaza na kulegeza, wapi. Ndiyo mawe yamekwisha?

---

Kokwa

Pepeta, usikate tamaa, mawe hayaishi kirahisi hivyo. Dalili ulizotaja ni za mawe yaliyopakwa utando. Unga wenye unyevu au mafuta unajibana kwenye vinyweleo vya jiwe, jiwe linakuwa laini, halisagi tena, linasugua tu. Ndiyo joto na harufu vinatoka humo.

Dawa yake: mchele mweupe MKAVU, kikombe kimoja au viwili. Legeza mawe yawe kwenye usagaji wa chenga, upitishe, kisha kaza kidogo kidogo kadiri unavyopita. Mchele ni mgumu na mkavu, unakwangua ule utando. Ukiona haitoshi, kama kinu chako kinaruhusu kufunguliwa, kitoe kwenye umeme, toa jiwe la juu, safisha kwa brashi ngumu kavu. Maji yasiguse mawe kabisa.

Sasa niulize, umewahi kupitisha ufuta, mbegu za kitani, karanga au alizeti? Mbegu zenye mafuta haziingii kwenye kinu cha mawe. Hizo zisage kwenye bleda au kisagio kidogo cha kahawa.

---

Pepeta

Mbegu za mafuta hapana mkuu. Ila ngano niliyonunua mara ya mwisho sina hakika kama ilikuwa imekauka.

---

Kokwa

Basi hiyo ndiyo. Jaribu hivi kabla ya kusaga kitu kingine chochote: weka punje chache juu ya kitu kigumu, zibonyeze kwa nguvu na mgongo wa kijiko cha chuma, au zigonge kwa nyundo ndogo. Punje kavu inapasuka vipande na kurusha unga. Punje yenye unyevu inalala bapa. Ikilala bapa, itandaze kwenye sinia sehemu kavu yenye hewa hadi ipasuke.

---

JikoSafi

Naomba tusisahau kuhifadhi, maana ndiko hasara kubwa inapotokea. Punje inayoonekana safi inaweza kuwa na fukusi ndani. Jike linatoboa punje, linataga yai humo na kuziba tundu, huoni kitu mpaka mdudu mzima atoboe kutoka. Kwa hiyo mimi kila ngano mpya inapita friza kwanza, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne kwa mfuko mdogo na wiki nzima kwa mkubwa. Ikitoka haifunguliwi hadi irudi joto la chumba, la sivyo inatoa jasho na unyevu huo unakupeleka kwenye tatizo la Pepeta. Baada ya hapo ndoo zenye mfuniko wenye mpira, mahali penye baridi na giza. Punje nzima kavu inakaa miaka.

Unga uliokwisha kusagwa ni habari nyingine. Utumie siku hiyohiyo, au uufungie friza. Ukitaka kujua umeharibika, onja chembe: uchungu unaobaki kooni na harufu ya mafuta ya zamani.

Halafu ungo au sinia pana ya kuchagulia. Kijiwe kimoja kinaharibu kinu, cha chuma hasa. Dakika mbili za kuchagua ni lazima.

Na mdomo na pua vikingwe. Vumbi la unga likivutwa mara kwa mara linaweza kuleta pumu, waokaji wa viwandani wanaujua ugonjwa huo. Sagia karibu na dirisha, funika mdomo wa kinu kwa kitambaa, subiri vumbi litulie kabla ya kufungua kifuniko.

---

Mkandaji

Hapo kwenye vumbi umenena JikoSafi. Niongeze kelele: kinu cha meno ya chuma kinapiga kelele kama mashine ya kufyonzea vumbi ikiwa sikioni. Ziba masikio, na watoto wachanga wasiwe chumba hichohicho.

Swali langu Kokwa: mabati ya mkate. Nikitumia vipimo vya unga mweupe, mkate wangu hauijazi bati, unabaki mfupi. Tatizo kuumuka?

---

Kokwa

Mara nyingi si kuumuka, ni bati kubwa kuliko donge. Ngano nzima haipandi kama unga mweupe, kwa hiyo kwa bati lilelile unahitaji donge zito zaidi.

Pima bati lako hivi: liweke juu ya mizani, rudisha sifuri, lijaze maji hadi ukingoni. Gramu utakazosoma ndizo mililita zake. Gawanya kwa 2, hapo umepata uzito wa donge wa kuanzia. Bati la sentimita 23 kwa 13 linakaribia lita 1.9, kwa hiyo donge la gramu 950 hivi. Hiyo ni kama gramu 520 za punje, maji gramu 415, chumvi 10, na chachu au hamira yako juu yake. Bati dogo zaidi, lenye kuta zilizosimama, linaubeba mkate wa ngano nzima vizuri kuliko bati pana, na kama unanunua leo chukua hilo.

Kuumuka nako usisubiri donge liwe mara mbili. Tumia chombo kinachoonyesha ndani chenye kuta zilizonyooka, funga raba pale donge lilipoanzia. Likiongezeka nusu, au kidogo zaidi ya hapo, lifinyange. Likifika mara mbili kwenye unga huu mara nyingi limeshachoka, na likiingia motoni linazama katikati.

Kwa mkate wa mviringo bila bati: sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko. Ipashe moto ndani ya oveni hadi nyuzi 240, weka donge, funika dakika 20, kisha ondoa mfuniko. Mvuke wa donge lenyewe unalainisha ganda wakati mkate unapanda. Kikapu maalum cha kuumulia ni kizuri lakini si lazima, bakuli lenye kitambaa kilichopakwa unga wa mchele linafanya kazi ileile na donge halishiki.

Kipimajoto cha kukaa ndani ya oveni nacho kitafute. Vitufe vya oveni nyingi havisemi ukweli. Na waya wa kupozea: mkate wa ngano nzima ukikatwa wa moto, ndani unanatanata, watu wanadhani haukuiva.

---

Mgeni_wa_Unga

Shikamooni. Nimesoma uzi wote. Mimi nina mizani, chekeche la kawaida na bleda, kinu sina na sitapata hivi karibuni. Naweza kuanza?

---

MamaChachu

Marahaba mwanangu. Anza. Uanze na ngano ngumu, usichukue laini. Ngumu ndiyo yenye protini ya kubeba mkate wa hamira, laini iweke kwa keki na biskuti.

---

Kokwa

Karibu sana Mgeni. Fanya hivi.

Pima gramu 400 za punje, zigawe mafungu mawili au matatu, ziweke friza usiku kucha kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Toa fungu moja tu, liingie bledani moja kwa moja lisikae mezani. Bleda iwe kavu kabisa. Izungushe sekunde 30, zima, tikisa, rudia hadi mlio ubadilike kutoka kugonga hadi kuvuma. Gusa nje ya jagi. Likiwa na joto, pumzika kabla ya fungu linalofuata. Bleda ndogo isiyo na nguvu usiilazimishe, utaichoma.

Chekecha. Zilizobaki juu zirudishe bledani mara moja. Zitakazokataa mara ya pili, zimwagie maji ya moto kama nilivyoeleza pale juu na uzirudishe kwenye donge. Mara ya kwanza weka maji gramu 300, acha saa nzima, ndipo uamue kama linataka zaidi. Chumvi gramu 8.

Unga wa bleda haulingani ukubwa, utakuta chembe kubwa kubwa kidogo, kwa hiyo mapumziko yale ya kulowana usiyaruke hata ukiwa na haraka. Na kama kipimajoto bado huna, pima joto la donge kwa mgongo wa mkono wako: ukihisi lina joto, maji yafuatayo yawe ya baridi zaidi.

Ukioka, tuwekee hapa picha ya kipande kilichokatwa katikati, tuone ndani. Ganda halituambii mengi.